Project QUEST ya San Antonio: mtaa ulioanza na kazi ndio ukaja kwenye kozi

Januari 1990 kampuni ya Levi Strauss ilitangaza inafunga kiwanda chake cha nguo kule San Antonio, Texas, na watu zaidi ya 1,000 wakajikuta nje. Wengi wao ni akina mama wenye asili ya Mexico, kuna waliokaa kwenye zile cherehani miaka na miaka, na kazi yao ilipelekwa Costa Rica ambako mshonaji analipwa kidogo. Baadhi ya wanawake hao waliunda kikundi chao, Fuerza Unida, wakaipigania kampuni mpaka kugoma kula. Hicho ni kisa kingine na kinastahili nafasi yake. Mimi leo nataka kukichambua hiki kilichoanzia hapohapo lakini kikaenda upande wa pili, yaani jumuiya za mtaani, chuo, hospitali, benki, halmashauri ya mji na serikali ya jimbo walivyokaa meza moja wakatengeneza programu ya mafunzo ya kazi inayoitwa Project QUEST, ambayo ilianza kupokea watu 1993 na mpaka leo iko hai.

Nimeichagua hii kwa sababu miradi ya kufundisha watu kazi imejaa kila kona ya dunia na mingi inaishia kwenye picha za mahafali. Hii ya San Antonio ilipimwa, tena ilipimwa kwa njia ngumu kabisa, na majibu yalitoka mazuri. Kwa hiyo unakuwa na haki ya kuuliza, hawa walifanya nini ambacho wengine hawafanyi?

Kwanza tuuangalie mji wenyewe ulivyokuwa. Miaka ya 1980 San Antonio ilikuwa inapoteza kazi za viwandani moja baada ya nyingine, viwanda vya nguo, vya nyama, zile kazi ambazo mtu ambaye hakufika chuo alikuwa anaweza kuzishika na akalea familia. Na wakati huohuo hospitali zinatafuta manesi, zinatafuta watu wa kumbukumbu za wagonjwa, ofisi zinatafuta watu wanaojua kompyuta. Kazi zipo na watu wapo, ila hawakutani. Aliyefukuzwa kwenye cherehani Ijumaa hawezi kuamka Jumatatu akawa nesi. Anachoweza kupata haraka ni kufagia au kuuza kwenye duka la vyakula vya haraka, na kima cha chini cha mshahara Marekani kuanzia 1991 kilikuwa dola 4.25 kwa saa, sasa hesabu hapo mtu ana watoto watatu.

Na usidhani mafunzo hayakuwepo. Yalikuwepo, tena ya serikali kuu, kwa sheria iliyopitishwa 1982 iliyoitwa JTPA, yaani Job Training Partnership Act. Ishu ilikuwa namna pesa yake ilivyogawiwa. Mikataba mingi ilimlipa mtoa mafunzo kwa idadi ya watu aliowapitisha na kuwaingiza kazini kwa haraka, sasa ukimlipa mtu hivyo unategemea afanye nini? Atachagua wale ambao hata bila yeye wangepata kazi, atawapa kozi ya wiki chache kwa sababu ndefu zinamgharimu, na atawaweka kwenye kazi yoyote ile mradi fomu ijazwe. Utafiti mkubwa wa kitaifa uliofanywa juu ya JTPA ukaja kuonyesha kwamba watu wazima walifaidika kidogo na vijana hawakufaidika kabisa. Lakini akina mama wa San Antonio hawakuhitaji kusubiri utafiti, wao walikuwa na vyeti nyumbani, mtu ana cha uchapaji, ana cha ukarani, ana cha usaidizi wa ofisi, na kazi hana.

Sasa hapa ndio wanaingia COPS, kirefu chake Communities Organized for Public Service. Hiki ni chombo kilichoanzishwa 1974 kwenye parokia za Kikatoliki za upande wa magharibi wa mji, upande wa maskini, na aliyekuwa anazunguka kuwaunganisha watu ni Ernesto Cortés Jr., mtoto wa hapohapo San Antonio aliyepata mafunzo kwenye mtandao wa Industrial Areas Foundation, ule ulioanzishwa na Saul Alinsky kule Chicago 1940. Shida yao ya kwanza haikuhusu ajira hata kidogo, ilikuwa maji. Mvua ikinyesha mitaa inafurika, nyumba zinaingia maji, mitaro haipo, na halmashauri miaka yote inasema hela hakuna. Wakakomaa nayo mpaka mwisho wa 1974 wapiga kura wakapitisha mkopo wa dola milioni 46 wa kujenga mitaro.

Kuna tukio moja la mwanzo wa 1975 ambalo lazima nilieleze maana linakuonyesha hawa watu ni wa aina gani. Walikuwa wanataka wenye mitaji wa mji waunge mkono bajeti ya kuendeleza mitaa yao, wenye mitaji wakawa hawana habari nao. Basi wakaenda Frost Bank, mmoja wa vigogo wa mji, wakapanga foleni kwenye madirisha yote kama wateja wa kawaida, na kila aliyefika mbele akatoa noti akaomba abadilishiwe senti mojamoja, akishapewa zile senti anarudi nyuma ya foleni, akifika mbele tena anaomba abadilishiwe noti. Siku nzima. Hakuna sheria iliyovunjwa, hakuna kelele, ila benki haifanyi kazi. Kwenye duka kubwa la nguo la Joske's walifanya vilevile, wamejaa mle ndani wanajaribu nguo na hawanunui.

Usilichukulie hilo kama kichekesho cha zamani, lishike kichwani kwa sababu miaka kumi na kitu baadaye mwenyekiti wa benki hiyohiyo, Tom Frost, ndiye mmoja wa waliosaidia kuwaita waajiri wenzake waje kukaa na COPS kuzungumzia ajira. Hakuja kwa huruma tu. Alikuja kwa sababu kwa miaka yote hiyo alikuwa ameona kwamba hawa wakisema jambo wanalifuatilia mpaka mwisho, na wakikubaliana na wewe wanatimiza upande wao. Heshima ya namna hiyo hununui kwa kuandika maombi ya ufadhili.

Tukirudi 1990. Baada ya kiwanda kufungwa, COPS na wenzao wa Metro Alliance, ambao walikuwa na makanisa ya madhehebu mengine na ya pande nyingine za mji, hawakukimbilia kufungua kituo cha mafunzo. Walianza kwa kukaa. Vikao vya nyumbani, jikoni, kwenye kumbi za parokia, watu wanaulizwa maswali ya kawaida kabisa: ulisomea nini, ulipata kazi gani, kwa nini uliacha, nani analea watoto ukiwa darasani, ulikuwa unaishi kwa hela gani kipindi unasoma. Na hapo ndipo ile habari ya vyeti visivyo na kazi ilipojitokeza waziwazi, kwa sababu kila mmoja peke yake alikuwa anadhani ni yeye tu ndiye mwenye bahati mbaya au hana akili ya kutosha. Wakikaa kumi wakasikia kila mtu ana kisa kilekile, hapo lawama inahama kutoka kwa mtu inaenda kwenye mpango.

Halafu viongozi wao wakajifunza. Yaani walikaa na wachumi, wakakaa na waajiri, wakakaa na watu wa chuo, miezi mingi. Akina mama wa nyumbani na mapadri na wastaafu wanachambua soko la ajira la mji wao, kazi gani inakua, inalipa kiasi gani, ina bima ya afya au haina, mtu akianza pale chini anaweza kupanda au atakaa hapohapo miaka ishirini. Hii hatua watu wengi wanairuka kwa sababu haina picha nzuri ya kupiga, na mimi naona ndiyo iliyoamua kila kitu kilichofuata.

Swali walilokwenda nalo kwa waajiri halikuwa "mtatusaidia mafunzo?", lilikuwa "una kazi ngapi, na utamlipa kiasi gani mtu wetu akija na sifa unazozitaka?". Wakaondoka na ahadi za nafasi 650 za kazi. Nafasi 650 kabla mwanafunzi wa kwanza hajakaa darasani! Ahadi sio mkataba, na baadaye baadhi ya sehemu mambo yalibadilika kama yanavyobadilika kwenye biashara yoyote, lakini angalia jinsi mpangilio mzima unavyogeuka. Kozi haitungwi na mwalimu kwa kuangalia vifaa alivyonavyo, inatungwa kwa kuangalia kazi iliyopo mwishoni.

Na hela je? Texas ilikuwa imepata gavana mpya, Ann Richards, aliyechaguliwa 1990, na COPS na wenzao wa jimbo zima walikuwa wameshajenga naye mazungumzo. Wana utaratibu wao wa mikutano ya hadhara, ukumbi umejaa watu mamia, mwanasiasa anaitwa mbele, anapewa dakika chache tu, na anaulizwa maswali ya ndiyo au hapana na mtu wa kawaida wa mtaani aliyesimama na karatasi yake. Utatoa hela ya programu hii, ndiyo au hapana. Hakuna hotuba ya nusu saa. Gavana akakubali kutoa fedha za jimbo, na halmashauri ya San Antonio, enzi za meya Nelson Wolff, ikaweka hela kutoka mfuko wake wa kawaida.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa chote hiki. COPS na Metro Alliance, waliobuni programu, waliotafuta hela, waliotafuta kazi, hawakuchukua programu wakaiendesha wao. QUEST ilisajiliwa kama taasisi yake, ina wafanyakazi wake, ina bodi yake ambamo waajiri wanakaa pamoja na viongozi wa jumuiya. Kufundisha wakakiachia chuo cha umma cha mji, ambacho tayari kina walimu na maabara na kinatambulika. Kuajiri ni kazi ya hospitali na makampuni. COPS wenyewe walibaki wapi? Walibaki mtaani, na mkononi wana fimbo. Na vyombo vya mtandao huu wa Industrial Areas Foundation havipokei hela za serikali kujiendesha, parokia na makanisa wanachama ndio wanaolipa ada. Kwa hiyo siku halmashauri ikitaka kukata bajeti, wanaokwenda kujaza ukumbi sio watu wanaotetea mishahara yao. Siku chuo kikileta uzembe kuna mtu wa kukiuliza ambaye hadaiwi na chuo. Na siku QUEST yenyewe ikilegea, waliouzaa ule mradi wana haki na ubavu wa kuukemea.

Nimeona ushirikiano mwingi wa taasisi za kijamii unaundwa kwa namna moja, taasisi nne zinaandika pendekezo pamoja kwa sababu mfadhili anapenda kuona ushirikiano, hela ikija inagawanywa kwa nne, kila mmoja anafanya kile alichokuwa anafanya jana, na kikao cha robo mwaka kinakuwa cha kusomeana ripoti. Hakuna kati yao anayeweza kumwambia mwenzake "hapa umeharibu", maana wote wanakula sahani moja. San Antonio anayedai na anayelipwa kufundisha ni watu tofauti. Ukiniuliza nichukue kitu kimoja kutoka kisa hiki nitachukua hicho.

Haya, sasa mwanafunzi anaingiaje na anakutana na nini?

Mwanzoni kabisa usaili ulifanywa na majirani. Viongozi wa kujitolea wa COPS na Metro Alliance walikaa kwenye kumbi za makanisa na vituo vya mtaa, wakawasikiliza waombaji. Sharti mtu awe amemaliza sekondari au ana cheti kinacholingana nayo, ila zaidi ya hapo walikuwa wanapima kama huyu mtu amejipanga kukaa kwenye masomo mwaka mmoja na nusu mpaka miwili na kipato kidogo, na kama nyumbani kuna mtu wa kumshika mkono. Jirani anayaona mambo hayo vizuri kuliko fomu.

Halafu kuna hesabu. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo miradi mingi inapofia. Texas tangu 1989 ilikuwa na mtihani wa kupima kusoma, kuandika na hesabu kwa wanaoingia vyuo vya umma, na mtu aliyemaliza sekondari miaka kumi na tano iliyopita, aliyekaa kiwandani muda wote huo, anafeli hesabu za sehemu na milinganyo. Akifeli, chuo kinamweka kwenye masomo ya kurekebisha, muhula wa kwanza, muhula wa pili, pengine wa tatu, analipa ada na wala hajaanza somo hata moja la unesi. Wengi wanaishia hapo kimyakimya. QUEST wakakaa na chuo wakapanga madarasa ya maandalizi yaliyobanwa, mtu anafundishwa hesabu na kusoma kwa mfululizo mpaka afikie kiwango, ndipo aingie kwenye fani. Ni jambo dogo ukilitaja, ila kwa mtu aliyekuwa anakwama muhula baada ya muhula linabadilisha maisha, na chuo peke yake kilikuwa hakijaliona kwa miaka yote.

Ndani ya QUEST kulikuwa pia na watu ambao kazi yao ni kufuatilia soko tu, kuongea na waajiri, kuangalia kama kazi fulani bado inatafuta watu. Ikionekana fani imepoa, mlango wake unafungwa, hawaendelei kupeleka watu huko kwa vile tu kozi ipo. Ndivyo ilivyokuja kuwa kadiri miaka ilivyokwenda programu ikaegemea sana sekta ya afya, unesi wa ngazi ya cheti na wa ngazi ya juu, ufundi wa chumba cha upasuaji, kumbukumbu za wagonjwa na kadhalika.

Gharama walizobeba ni ada, vitabu, sare, nauli, mtihani wa leseni, masomo ya ziada, na ikitokea dharura kuna msaada mdogo. Posho ya kuishi hawakutoa. Hili wanalizungumzia watu wengi na mimi pia linanikwaza, kwa sababu maana yake yule maskini kabisa asiye na mume wala mama wala dada wa kumlisha miaka miwili anaachwa nje hata kama kichwa anacho. Mtandao wao una kanuni wanaiita kanuni ya chuma, kwamba usimfanyie mtu jambo analoweza kulifanya mwenyewe, na kanuni hiyo ina faida zake nyingi, ila kwenye hela ya chakula kwa mtu mwenye watoto naona ilibana mno.

Kila wiki mwanafunzi anahudhuria kikao cha kundi na mshauri wake. Wanakiita VIP, vision, initiative, perseverance, yaani maono, kujituma na ustahimilivu. Jina linaweza kukufanya udhani ni semina ya kuhamasishana lakini kinachofanyika mle ni vitu vya kushika mkononi, namna ya kupanga muda ukiwa na zamu na watoto, namna ya kusoma kwa ajili ya mtihani, unaongeaje na mwalimu aliyekuonea, unajibuje kwenye intavyuu. Na mshauri yule ana kazi ya kujua mapema. Gari la mwanafunzi likikataa kuwaka wiki ya mitihani, mtoto akiugua, umeme ukitishiwa kukatwa, anayejua ni mshauri, na anahangaika naye siku hiyohiyo wasisubiri mpaka jina litoke kwenye orodha ya walioacha. Ukisoma sababu za watu wazima kuacha chuo utaona mara nyingi ni vitu vidogovidogo vya namna hii vilivyokosa mtu wa kuvishika siku hiyo.

Matokeo sasa. 1995 QUEST ilipata tuzo ya ubunifu serikalini inayotolewa na Ford Foundation pamoja na Harvard, na 1996 Paul Osterman na Brenda Lautsch wa MIT wakatoa tathmini yao, wakakuta waliopitia programu wameongeza kipato, na wakasisitiza pia kwamba chuo chenyewe kimebadilisha tabia. Nzuri, lakini mtu mgumu atasema ulichagua watu wenye bidii, hata ungewaacha wangepanda tu. Na ana haki kusema hivyo, maana wale majirani walikuwa kweli wanachagua wenye bidii.

Ndio maana huo utafiti wa pili una uzito. Kati ya 2006 na 2008 waombaji 410 wenye sifa, wote wanataka kazi za afya na wengi wao wanawake, waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakaingia QUEST na nusu wakaachwa waende wakatafute msaada mwingine wowote uliopo mjini. Bahati nasibu maana yake bidii iko sawa pande zote mbili. Taasisi ya Economic Mobility Corporation ikawafuatilia, miaka sita, tisa, mpaka kumi na moja. Mwanzoni waliokuwa QUEST walipata hela kidogo kuliko wenzao, lazima, wako darasani wenzao wako kazini. Baadaye mstari ukageuka. Kufika mwaka wa sita walikuwa wanawazidi wenzao kwa zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka, na mwaka wa tisa tofauti ilikuwa bado hapohapo juu ya dola 5,000. Watu wanaosoma tafiti za aina hii watakuambia kawaida faida inaonekana mwaka wa pili wa tatu halafu inayeyuka. Hii haikuyeyuka.

Gharama ilikuwa takriban dola 10,500 kwa mtu mmoja. Mwanasiasa akiona namba hiyo peke yake anashtuka, iweke pembeni ya dola 5,000 kila mwaka kwa miaka na miaka ndio uone.

Lakini kuna kitu kwenye matokeo hayo ambacho mashabiki wa programu huwa wanakipita haraka, kwamba faida haikuwa sawa kwa umri. Waliovuna ni walioingia wakiwa na miaka 25 na kuendelea, wale wa miaka 18 mpaka 24 haikuonekana wamewazidi wenzao. Mtu anaweza kutafuta maelezo mengi, mimi naona aliyewahi kufukuzwa kiwandani, aliyewahi kuhesabu senti za kodi ya nyumba, anaingia darasani na sababu ambayo kijana bado hajaipata, na pia ratiba nzima ya QUEST ilitengenezwa kutokana na vikao vya jikoni ambavyo waliokaa ni watu wazima. Shida za kijana hazikuulizwa kwa undani uleule. Kwa hiyo anayetaka kuchukua mfano huu akaupeleka kwa vijana watupu awe mwangalifu, itabidi aanze kwenye vikao upya.

Na kuna ugomvi na sera za nchi ambao uliwatesa miaka mingi. 1996 Marekani ilibadilisha sheria ya msaada kwa familia maskini na 1998 ikabadilisha sheria ya mafunzo ya kazi, na mwelekeo wa zote mbili ulikuwa kazi kwanza, yaani mtu aingizwe kwenye kazi yoyote haraka iwezekanavyo, kusoma baadaye. QUEST inamtaka mtu atulie miaka miwili asome, mfumo unamsukuma akachukue kazi yoyote wiki hii. Ndio maana hela ya halmashauri ya mji ilikuwa muhimu kupita kiasi, maana haikuwa na masharti hayo, na ndio maana kila msimu wa bajeti watu wa parokia walikuwa wanarudi kujaza ukumbi. Kila mwaka, hata baada ya tuzo, hata baada ya utafiti kutoka. Hakuna mwaka ambao mtu aliwaambia sasa mmethibitisha, kaeni mpumzike.

Mtandao huohuo uliusambaza mfano kwingine. VIDA kwenye bonde la Rio Grande 1995, kisha Capital IDEA Austin, Project ARRIBA El Paso na JobPath kule Tucson, Arizona. Kila sehemu jumuiya ya pale iliunda chombo chake, hakuna tawi lililofunguliwa kutoka San Antonio, na hiyo naiunga mkono moja kwa moja, kwa sababu mtu aliyepewa programu iliyokwishaiva anapata miongozo na fomu, zile ahadi za kazi na ule uzoefu wa kumbana meya hapewi na mtu.

Udhaifu mkubwa uliobaki ni ukubwa. QUEST kwa miaka yake yote ilikuwa inahudumia mamia ya watu kwa mwaka, na San Antonio ni mji wa watu zaidi ya milioni moja. Novemba 2020, katikati ya korona, wapiga kura wa mji huo walikubali sehemu moja ya nane ya senti kwa kila dola ya kodi ya mauzo iende kwenye mafunzo ya kazi, mpaka dola milioni 154, mpango unaoitwa SA Ready to Work, aliyeubeba ni meya wa wakati huo Ron Nirenberg na COPS na Metro wakawa mstari wa mbele kuupigia kampeni. QUEST ikawa moja tu ya taasisi zinazoutekeleza. Sasa hapo ndipo nina wasiwasi wangu, kwa sababu hela ikiwa nyingi na watekelezaji wakiwa wengi, shinikizo la kuhesabu vichwa linarudi, wangapi wamesajiliwa, wangapi wamemaliza, na ni rahisi sana mshauri mmoja akajikuta na watu wengi mno kiasi kwamba gari la mtu likikataa kuwaka hajui. Ukitaka kuupima mpango huo mimi ningeanza na swali hilo la mshauri mmoja ana wanafunzi wangapi, halafu ndio niulize ahadi za waajiri ziko wapi na zimeandikwa na nani.

Kodi yenyewe ilipangwa ikusanywe kwa ajili ya mafunzo mpaka mwisho wa 2025, na kuanzia 2026 ihamie kwenye usafiri wa mabasi ya mji. Kwa hiyo wale watu wa kwenye parokia inabidi warudi tena ukumbini na karatasi yao ya maswali ya ndiyo au hapana.